TCPView imenionyesha anayekula bando langu

Mtu yeyote anayewasha kompyuta ya Windows kwa bando la simu aiweke TCPView leo hii, programu ndogo inayoonyesha ni programu zipi zinatumia mtandao. Naandika nikiwa bado na hasira, na hasira yenyewe haiihusu programu hii. Ni ya kaunta moja ya huduma kwa wateja, ya kampuni nisiyoitaja.

Kwa muda mrefu bando langu lilikuwa linakata kabla ya kazi kuisha. Mimi natunzia watu hesabu zao, natuma majedwali na picha za risiti, basi. Naweka bando la wiki, hata katikati ya wiki sijafika ujumbe unaingia kwamba limeisha. Nikaenda kulalamika. Nimesimama foleni mpaka miguu imekufa ganzi, kijana wa kaunta hakuniuliza hata natumia kifaa gani. Alitazama skrini yake, akanitazama mimi juu mpaka chini, akasema foleni nzima isikie: "Dada yangu, bando haliliwi na panya. Umeangalia video, limeisha." Watu wakacheka. Nimekwenda na pesa yangu, nikafanywa mwongo mbele za watu! Angeniuliza tu, "Dada, una kompyuta?", ingetosha.

Mdogo wangu ndiye aliyenielekeza TCPView. Ni ya bure, inatoka Sysinternals, mkusanyiko wa zana za Windows, kazi ya kina Mark Russinovich na Bryce Cogswell ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006. Nikawasha hotspoti, nikafunga kivinjari, nikafunga barua pepe, nikafunga kila ninachokijua. Kompyuta imetulia tuli. Nikafungua TCPView, orodha inawaka. Mstari ukigeuka kijani, kuna programu imeunganisha sasa hivi, njano, muunganisho umebadili hali, mwekundu, unafungwa. Kila mstari una jina la programu, anwani inakoenda na namba ya mlango, nyingi 443, ule ule unaotumiwa na tovuti zenye alama ya kufuli. Nikabofya safu ya baiti zilizotumwa ili kubwa ikae juu. Juu kabisa ikakaa programu ya "kusafisha kompyuta" iliyokuja na mashine tangu dukani, sijawahi kuifungua hata siku moja, na namba zake zinapanda huku natazama. Mikono ilinitetemeka. Nikaifuta pale pale, na wiki ile bando likafika mwisho wa wiki.

Nyota tano basi. Ila subirini.

TCPView inaonyesha, haizuii. Unaweza kukata muunganisho au kuua programu, lakini ukiiwasha tena inaunganisha tena. Na haina kumbukumbu: kilichopita usiku ukiwa umeifunga, hukipati. Anayetaka historia atafute GlassWire, ile inachora grafu na kuiweka. Halafu kuna svchost.exe. Mistari na mistari, jina moja, na nyuma yake zimejibanza huduma kibao za Windows. Ni masasisho? Ni saa ya kompyuta? Ni nini? Matoleo mapya, tangu 2021, yanaonyesha jina la huduma, lakini ukiwa na la zamani inabidi uandike tasklist /svc kwenye dirisha la amri, uchukue namba ya mchakato, ulinganishe mmoja mmoja. Mama mwenye duka la vifaa vya shule atafanya hayo saa ngapi? Hapo nikashuka mpaka nyota tatu, na nilikuwa tayari kuziacha hapo.

Lakini kadiri ninavyofikiri, kosa silioni kwa TCPView. Ngome ya Windows yenyewe (firewall, mlinzi wa mtandao), usipoigusa, inazuia vinavyoingia na kuruhusu vinavyotoka bila kukuuliza neno. Programu yoyote uliyowekewa na duka inatoka itakavyo, kwa pesa yako, na ukienda kuuliza unaambiwa habari za panya. Kwa hali hiyo kitu kidogo cha bure kinachokuonyesha jina la mwizi hapo hapo ni kitu kikubwa sana. Nairudishia nyota zake, zote tano, hata hiyo svchost nimeisamehe.

Mkishaiweka, nendeni pia kwenye mipangilio ya mtandao wa Windows, muweke alama kwamba hotspoti yenu ni ya kupimwa (metered), yaani data yake ina kikomo, masasisho mengi makubwa yasubiri. Na programu mliyoikuta imewekwa na duka, msiyoijua kazi yake, anzeni kuifuta hiyo.