Stabilaiza ya gari la mashindano: kabla ya kununua nene, tazama inavyofungwa

Karibuni watazamaji. Mezani kuna njia tatu za kufunga stabilaiza, ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona: bushi (vishikizo vinavyozunguka fimbo) za mpira zilizotoka na gari, bushi za poliyurethani, na bloku za alumini zenye beringi.

Hesabu kwanza. Ugumu wa fimbo hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Ukitoka milimita 22 kwenda 24, umbo likiwa lilelile, umeongeza takriban asilimia 42. Milimita mbili tu! Mzigo huo wote unabebwa na breketi zilezile na bati lilelile la bodi.

Tazameni bushi hii ya mpira. Naiminya kwa vidole na inabonyea. Ndivyo inavyofanya mwanzo wa kona: gari linalala kwanza, ndipo fimbo ianze kujisokota. Kwa fimbo ya kiwandani inatosha. Kwa fimbo nene, hapana.

Poliyurethani haibonyei kirahisi, lakini hung'ang'ania. Ipake grisi ya silikoni, funga breketi, kisha kabla ya kuunga linki, kijiti kinachounganisha ncha ya fimbo na upande wa gurudumu, inua mkono wa fimbo, yaani ncha yake iliyokunjwa. Usogee kwa mkono, bila kukwama. Ukigoma, bushi imebanwa mno. Weka washa nyembamba chini ya breketi. Ukiiacha imebanwa, fimbo inageuka springi ya ziada kwenye kila tuta.

Bloku za beringi ndizo zinazoruhusu fimbo kuzunguka kwa wepesi kuliko zote, ila zinadai fimbo iliyonyooka na bloku mbili zilizo kwenye mstari mmoja. Zikipishana kidogo, zinakwama kuliko mpira. Na vumbi ni adui yao. Kwa gari la ridhaa linalotumia fimbo yenye mikunjo, mimi nachagua poliyurethani, pamoja na kola (pete za kubana) mbili za kuzuia fimbo isitembee pembeni.

Pesa iliyobaki iende kwenye bodi. Bati jembamba hupasuka kuzunguka matundu ya bolti. Chomelea bamba la milimita 3 lenye kona za mviringo, na bolti ikipita kwenye boriti yenye uwazi, tia kibomba ndani cha kupitishia bolti, la sivyo unaikaza huku boriti inabonyea na bolti inalegea.

Linki ziwe za kurekebishika, upande mmoja uzi wa kulia, mwingine wa kushoto. Kichwa cha gololi, yaani kiungo cha mwisho wa linki, kikishikwa upande mmoja tu, weka washa pana nje yake. Gololi ikichomoka, linki haiachii.

Urefu wake upime gari likiwa chini, sehemu tambarare, dereva kitini. Funga linki ya kwanza, kisha zungusha ya pili mpaka bolti iingie kwa kidole. Ukilazimika kuigonga nyundo, fimbo tayari imesokotwa, mgawanyo wa uzito kwenye magurudumu umeharibika, na gari litakata kona ya kushoto tofauti na ya kulia.

Mwisho, toa springi, pandisha gurudumu kwa jeki kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, usukani ukizungushwa pande zote mbili. Linki isiguse bomba la breki wala rimu, na isije ikalala mstari mmoja na mkono wa fimbo, maana hapo hupinduka na hairudi. Kisha chora alama ya rangi kwenye kila nati. Baada ya mizunguko ya kwanza, alama iliyohama utaiona bila kushika spana.