Habu ya Hiace niliyouziwa Gerezani, Dar es Salaam: chuma kizima, muuzaji sirudi kwake

Niseme kwanza lililo jema. Habu yenyewe, kile kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani, ni nzima. Ni mtumba wa Japani kweli, beringi haitikisiki, ukiizungusha kwa mkono haikwaruzi. Kwa chuma peke yake ningempa muuzaji nyota tatu, labda nne. Shida ni kwamba haikuwa ya gari langu, na muuzaji aliyeniapia kwamba itafaa hakutaka hata kuitazama ile ya zamani niliyokuwa nimembebea.

Nina Hiace KDH200 inayobeba watoto wa shule, Kimara na Mbezi. Siku za karibuni tairi la mbele kushoto lilianza kuvuma kama mashine ya kusaga, mwendo ukipanda na mvumo unapanda. Fundi akalinyanyua, akalitikisa, akasema beringi imekwisha, na habu inabadilishwa nzima. Mpya halisi bei ilinishinda, na zile za kopi siwezi kuziweka chini ya watoto wa watu. Nikaenda Gerezani kwenye maduka ya spea, na habu ya zamani kwenye mfuko wa salfeti, nati moja ya tairi, na namba ya chesisi kwenye karatasi.

Yule kaka muuzaji alinichangamkia mpaka nilipofungua mfuko.

"Ya nini hiyo, mzee? Hiace ni Hiace. Stadi sita hizo, zinaingia zote."

Nikamwambia kuhesabu stadi, hizo boliti za kushikia tairi, hakutoshi. Nissan Caravan E25 nayo ina stadi sita, na duara zinapokaa stadi hizo ni milimita 139.7 sawasawa na Hiace hizi. Uzi ndio unaokuumbua: toka jino moja la uzi mpaka jingine Toyota ni milimita 1.5, Nissan ni 1.25, nati ya huku ukiifunga kule inakaba mapema, na ukiilazimisha unaua uzi. Ndiyo maana nilikuja na nati yangu. Nikaijaribu, ikashuka laini mpaka chini. Hapo hatukuwa na ugomvi.

Ugomvi ulikuwa nyuma ya habu. Ilikuwa imejaa grisi nzito na tope kavu. Nikaomba kitambaa niifute, niziweke zote mbili kwenye kaunta zitazamane: matundu ya boliti, kina cha pale inapokalia diski, na zaidi ya yote pete ya ABS, ile ambayo sensa huisoma kujua kasi ya tairi. Gari langu lina ABS, mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga. Habu isiyo na pete inafunga bila tatizo, tairi linakaa, gari linatembea, lakini sensa haina cha kusoma. Kwa macho ya haraka huwezi kujua.

Akanipokonya kitambaa. Mkononi mwangu, mbele ya wateja wengine. "Hapa hatupimi, mzee. Hapa tunauza." Kisha akaapa kwamba imetoka kwenye gari lenye ABS, na isipokaa niirudishe anibadilishie siku hiyohiyo. Kwa neno hilo nikalipa.

Taa ya ABS iliwaka hata hatujafika barabara kuu. Fundi akaishusha tena, akaisafisha yote kwa petroli. Mahali pa pete pakavu, hapana kitu.

Nikarudi. Hakubisha kwamba pete haipo. Alinyoosha kidole ukutani palipoandikwa mali ikiuzwa hairudishwi, halafu akasema maneno ambayo mpaka leo yananichemsha damu: "Taa tu hiyo. Mwambie fundi achomoe balbu."

Achomoe balbu! Taa hiyo inawaka kwa sababu mfumo umejizima. Breki za kawaida zinabaki, ndiyo, lakini siku dereva atakapokanyaga kwa nguvu kwenye lami iliyolowa, magurudumu yanaweza kujifunga na usukani usimsikilize tena. Ndani kuna watoto wa darasa la kwanza. Mtu anayetoa ushauri huo na kuendelea kunywa chai yake hastahili nyota tatu. Nazifuta. Sina hata moja ya kumpa, na ule uzuri wa beringi niliousifu hapo juu nausifia kiwanda, yeye hayumo.

Nilikuwa nimeshaamua kuwaambia watu waachane kabisa na habu za mtumba. Nabadilisha kauli kwa sababu ya dada mmoja duka la mbele kidogo. Kabla ya kutaja bei aliniuliza: ina ABS? Inavuta nyuma tu au magurudumu yote manne? Habu ya mbele ya inayovuta yote ina tundu lenye meno katikati ambamo ekseli inapita, akanionyesha. Akachukua habu yangu ya zamani bila kuombwa, akazilaza pamoja juu ya boksi, akapima kina na matundu kwa venia, kile kipimo cha milimita, akafuta nyuma na kuniwekea pete mbele ya macho. Alipokosa uhakika na ya kwanza aliirudisha rafuni mwenyewe akatoa nyingine. Kwenye risiti akaandika namba ya chesisi na kwamba isipokaa inarudishwa. Bei yake ilikuwa juu kuliko ya yule kaka, na sikuomba punguzo hata la shilingi.

Imefungwa, taa imezimika, mvumo umekwisha. Kwa hiyo mtumba nunua, ila kwa mtu anayekuachia uiweke ya zamani pembeni ya ile unayonunua. Akikukatalia hilo, ondoka, hata kama beringi yake inazunguka kama mpya.

Hela zangu yule kaka bado anazo. Risiti yake ninayo, na habu yake ipo kwenye salfeti na grisi imeshafutwa. Nitampelekea mara moja zaidi na shahidi. Akinionyesha tena ule ukuta, malalamiko yangu nayapeleka Tume ya Ushindani (FCC), inayolinda walaji.