Batani 14, natumia moja: presha kuka ya umeme jikoni Kisumu

Hamjambo watu wangu, karibuni tena jikoni kwangu hapa Migosi, Kisumu. Leo joto limezidi, kwa hiyo mkiniona napangusa uso msidhani nalia. Ingawa kwa sababu ya chombo hiki, wiki ya kwanza nililia kidogo.

Ochi, sogeza kamera. Hii ndiyo ile presha kuka ya umeme mliyoniandikia mkiulizia. Mambo ya lita 6, wati 1000, sufuria ya ndani isiyogandisha, hayo yako kwenye boksi, siwapotezei muda. Angalieni hapa mbele tu. Hesabuni nami: wali, uji, supu, nyama, kuku, maharagwe, keki, yogati... zinafika batani 14! Nilipoziona dukani nikapiga hesabu: shilingi 8,500 ukigawa kwa kazi 14, mbona hii ni bei ya kutupa. Hesabu ya mjinga, nakiri mapema.

Batani ya nyama, ya kuku, ya supu na ya maharagwe zote zinafanya kitu kimoja. Kwenye hii yangu presha ni ile ile, kinachobadilika ni dakika tu. Bonyeza "nyama", punguza dakika, tayari una "kuku". Ni kama kununua redio ikawa na vifungo vinne vya sauti. Na kitu chenyewe hicho cha presha si kipya hata kidogo: Mfaransa mmoja, Denis Papin, alitengeneza sufuria ya namna hii mwaka 1679, ikiwa na valvu ya usalama juu yake. Ukiondoa umeme na taa za rangi, tunauziwa wazo la miaka zaidi ya 340.

Na kabla hamjaniuliza: hapana, haipiki ugali. Nilijaribu. Maji yalichemka vizuri, nikatia unga, nikashika mwiko. Ile sufuria ya ndani haijafungwa popote, imekalishwa tu. Nikisonga kulia, nayo inazunguka kulia. Nikaishika kwa kitambaa kwa mkono mmoja, nikawa kama mtu anayemshika mbuzi asitoroke. Ugali ulipoanza kukaza, mashine ikaandika kwamba chakula kinaungua, ikajizima. Mama alikuwa amekaa pale kwenye stuli. Hakusema neno, alienda akawasha gesi.

Sasa nilikuwa nimeshairudisha kwenye boksi. Kweli kabisa. Halafu siku moja nikaloweka nyoyo.

Kwa watazamaji wa mbali, nyoyo ndiyo githeri yetu, mahindi makavu na maharagwe. Mnajua shughuli yake: jiko la makaa, saa tatu nzima, unaongeza maji, unaongeza makaa, jioni bado punje moja inakuvunja jino. Ochi, njoo karibu hapa, hii nataka waone mwanzo hadi mwisho.

Nyoyo imelala ndani ya maji usiku kucha. Nayamwaga hayo maji, natia mapya mpaka yapite juu ya mahindi kwa kina cha kidole kimoja. Sufuria isipite nusu! Maharagwe hufura na kutoa povu, na povu likipanda likaziba hapa kwenye tundu la valvu, umejitafutia balaa. Kijiko kimoja cha mafuta hutuliza povu. Chumvi baadaye. Nafunika, nazungusha, imelia "ti-ti". Valvu naielekeza upande wa kufunga. Dakika 40, anza.

Hapa ndipo wale wenzangu wa eya fraya na wachambuzi wa haraka haraka wanapowadanganya. Wanasema "githeri kwa dakika 40". Dakika 40 hazianzi sasa. Kwanza ipate moto, ijaze mvuke, kipini hiki kidogo kipande juu. Leo kimepanda baada ya dakika 18. Kisha 40 zenyewe. Kisha uiache itulie dakika 15, kwa sababu ukiachilia mvuke ghafla juu ya maharagwe, povu lote linatokea juu kwenye valvu. Jumla, saa moja na dakika 13. Si muujiza, ila katikati ya hapo nilifua na nikaenda soko la Kibuye kununua nyanya.

Kwa nini inaiva? Huku juu tuliko, maji hayafiki nyuzi 100. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye 96 hivi. Wewe uliyeniandikia kutoka Nakuru ukilalamika kwamba maharagwe yako ni mawe, hukosei mapishi. Huko kwenu ni kama mita 1,850, maji yanachemka kwenye 94. Ukiongeza moto, hayapandi, yanageuka mvuke tu yanaenda zake. Ukiufungia mvuke ndani, presha inapanda na maji yanapita 110. Hicho ndicho ninachokilipia.

Haya, kipini kimeshuka. Nafungua... Tazama! Chukua hii punje ya hindi. Naibana kwa vidole viwili, hivi. Imepasuka. Ochi, usile, bado natumia.

Na mita ya stima? Kabla ya kuanza ilisoma yuniti 42.6, sasa ni 42.1. Nusu yuniti. Tokeni yangu ya mwisho ya 500 ilinipa yuniti 17 na kitu, kwa hiyo hii sufuria imekula kama shilingi 15. Mkebe wa makaa ni bei gani kwenu? Niandikieni hapo chini, kwetu hapa 15 haikununulii hata ya kuwashia.

Onyo moja, na hapa sicheki. Kuna batani ya kupika polepole, kwa muda wa saa nane. Usiweke maharagwe mekundu makavu humo moja kwa moja. Yana sumu yake ya asili, na inaondoka yakichemka sawasawa. Moto wa uvuguvugu hauitoshi, utaamka na tumbo la kukimbiza. Tumia presha.

Stima ikipotea katikati? Imenitokea mara mbili. Joto lililomo linaendelea kupika kwa muda, lakini stima iliporudi yangu ilikuwa imesahau kila kitu, ikaniuliza nataka nini.

Bei sasa. Ile ya kuweka juu ya gesi, ya filimbi, nimeiona chini ya 3,000, na presha ni presha. Kama gesi unayo na huna hofu ya filimbi, chukua hiyo. Hii ya umeme nimebaki nayo kwa sababu naiacha peke yake, na mama ameacha kuichukia. Ila ningerudi dukani ningetafuta ya batani chache, na ningeuliza kwanza: mipira ya kifuniko ya kubadilisha mnayo? Yangu waliniuzia bila mpira wa akiba, na nilipourudia wakaniambia "mwezi ujao". Huo mwezi ujao ulichukua miezi minne.

Mpira ndio huu, unakaa ndani ya kifuniko. Unashika harufu kama kaka mkubwa anavyoshika deni. Nilipika obambla, ule samaki wa kupasuliwa na kuanikwa, nikaosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa siki. Jumapili nikaoka keki ya vanila. Wageni wakala kimya kimya.

Tangu hapo nina mipira miwili, wa samaki na wa vitu vingine. Wa samaki nimeufunga uzi mwekundu. Jumamosi tunaijaribu ile batani ya keki mliyoipigia kura, bonyezeni kengele msikose. Wacha niandae kabisa, huu ni wa... Ochi, uzi uko wapi? Nani ameufungua uzi? Hebu nusa huu. Nusa vizuri.

Eeh. Leta na ule mwingine.