TAHADHARI: Anauza Nikon FE mbovu, anaiita FM

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnisamehe nikirukaruka. Kuna jamaa anauza kamera za mkanda za zamani mtandaoni, anajiita fundi, na kaniibia mchana kweupe huku namwangalia. Wale mnaojua nilivyohangaika kutafuta mashine isiyotegemea betri, mnaelewa hii inauma vipi.

Nilitaka Nikon FM. Ni kamera iliyoanza kutoka mwaka 1977, shata yake, lile pazia linalofunguka mwanga ufike kwenye mkanda, inaendeshwa na springi na gia, betri kazi yake ni mita ya mwanga basi. Betri ikifa unakadiria mwanga kwa macho na unaendelea kupiga, spidi zote za shata, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000. Jamaa akasema anayo, imetoka kufunguliwa na kusafishwa juzi tu, na inakuja na lenzi ya 50mm f/1.4.

Na sikutuma hela kienyeji. Nilimwomba simu ya video, akakubali bila kusita. Sasa sikilizeni. Akaegesha simu mezani, akaigeuza kamera chini juu, akafungua kifuniko cha betri kwa sarafu na kunisogezea karibu kabisa: tundu tupu. Akaigongagonga kwenye kiganja, eti nijiridhishe kwamba hakuna kilichobaki ndani. Akavuta wenzo wa kusogeza mkanda, akafyatua, klak. Akavuta tena, klak. Akafungua mgongo, akauelekeza kwenye taa, akafyatua, na kweli nikauona mwanga unapita shata ilipofunguka. "Umeona mdogo wangu? Betri hamna na inapiga. Hii itakuzika." Nikamwambia kaka nionyeshe na juu. Akaiinamisha sekunde chache, kidole kikiwa kimelala juu ya kirungu cha kuchagulia spidi, akairudisha. Nani angeshtuka? Watu ndivyo wanavyoshika kamera.

Halafu mdomo wake! Huyu si mtu wa kubahatisha. Alinieleza kwamba Canon AE-1 ni nzuri ila bila betri yake ya volti 6 ni pambo la kabatini, na hapo alisema kweli. Akaisifia Pentax K1000 kwamba ni ya chuma na haina mambo mengi, lakini akasema mimi nitaichoka. Akanitahadharisha, YEYE akanitahadharisha, kwamba nisikubali kuuziwa kamera ya umeme kwa jina la kamera ya springi kwa sababu matapeli wamejaa. Mtu anakupa dawa ya sumu aliyoishika mkononi, utamtilia shaka kwa lipi? Nikatuma hela yote.

Mzigo umefika. Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye kirungu ni neno AUTO, yaani kamera inajichagulia spidi yenyewe. FM haina AUTO. Spidi zinaanzia sekunde 8, wakati za FM zinaanzia sekunde 1. Na pembeni kuna M90. Nyuma, pale penye namba ya kamera, alikuwa amebandika karatasi ya manjano imeandikwa "imehudumiwa". Nikaibandua. Chini yake herufi mbili: FE.

Kwa wasioijua, FE ilitoka 1978, umbo lilelile la FM, ila shata inapimwa na umeme. Bila betri zinabaki sehemu mbili tu zinazofanya kazi: B, ambayo shata inabaki wazi muda wote ulioshikilia kitufe, na hiyo M90 ambayo ni spidi ya 1/90. Kwa hiyo klak zote zile nilizochekea kwenye video zilikuwa M90! Nilipoiweka kwenye 1/250 bila betri, kioo cha ndani kilipanda kikabaki hukohuko juu mpaka nilipoirudisha M90. Na msije mkasema nitie betri niache kelele. Nimetia mpya, kioo bado kinaganda, sindano ya mita haitikisiki. Sakiti imekufa. FE nzima ni kamera tamu sana na wala sina ugomvi nayo. Huyu kauza maiti.

Lenzi nayo alinionyesha ikiwa wazi kwenye f/1.4, nikaona inang'aa. Kumbe ikiwa wazi hivyo, vile vyuma vya kufungua na kufunga tundu vimejificha pembeni. Nimefunga hadi f/16, vimelowa mafuta, vinarudi kwa uvivu. Na nilipomulika tochi kwa nyuma, fangasi, nyuzinyuzi zimetambaa toka ukingoni kuja kati.

Nilipompigia akasema, "Vitu vya zamani ndivyo vilivyo, mdogo wangu," kisha akaniblock. Mdogo wako wa wapi? Huyu anyang'anywe hiyo bisibisi, afungiwe kila akaunti, na kila aliyewahi kumlipa apeleke ushahidi polisi, maana mtu asiyejua habandiki karatasi juu ya herufi. Video sikuirekodi lakini meseji zote ninazo, na yeyote aliyeibiwa naye anitumie zake tukaziweke pamoja. Kurudishiwa hela peke yake sitaki tena, nataka awekwe ndani.

Haya, mnaotaka kununua: picha ya juu ya kamera, kirungu kikiwa wazi, na picha ya herufi za nyuma. Karatasi yoyote ibanduliwe kwanza. Lenzi aifunge, aimulike. Kwenye video bila betri, mwambie aweke sekunde 1 na umsikilize: FM itakoroma zzzz mpaka sekunde iishe ndipo ifunge. Huyu jamaa ukimtajia sekunde 1 simu itakatika, na leo asubuhi kapandisha tangazo la "FM" nyingine, picha tatu, zote za mbele.