Chupa mbili za kutolea rangi ya kucha, na meza iliyolipia ujinga wangu

Nilianza na ile isiyo na asetoni, ile dawa kali ya kuyeyusha rangi, kwa sababu moja tu: harufu. Asetoni ukiifungua chumbani, aliye sebuleni anajua unafanya nini. Kwa hiyo nikanunua chupa ya "upole", nikakaa kutoa rangi nyekundu iliyokolea, tabaka mbili na ya kung'arisha juu yake.

Pamba sita, mkono mmoja. Na rangi haikutoka, ilihama tu. Ilitoka kwenye kucha ikaenda kujipaka kwenye ngozi ya pembeni, mpaka vidole vyangu vikawa kama vya mtu aliyetoka kuchinja. Nilikasirika, nikataka kuitupa chupa.

Baadaye niligundua nusu ya kosa ni langu. Nilikuwa nasugua. Hii dawa haitaki kusuguliwa, inataka muda: lowesha pamba vizuri, ibandike juu ya ukucha, ibonyeze, hesabu taratibu mpaka ishirini, halafu vuta mara moja kutoka shina kuelekea ncha. Nilipofanya hivyo rangi ile ile ilitoka kwa pamba mbili. Inachelewa kwa sababu kiambato kikuu cha chupa yangu ni ethili asetati, ambayo huyeyusha rangi polepole kuliko asetoni. Ila inafika.

Asetoni sasa ni jambo jingine. Hesabu mpaka kumi, vuta, ukucha mweupe. Mweupe kupita kiasi, hata, kama umepakwa chaki, na ngozi ya vidole inapauka kwa sababu mafuta yote yamekombwa. Usishtuke. Nawa kwa sabuni, paka mafuta kwenye kucha na pembeni zake, weupe unaondoka. Mimi siitumii zaidi ya mara moja kwa wiki.

Kwenye jeli, ile inayokaushwa kwa taa, chupa ya upole haifui dafu. Usipoteze pamba zako. Jeli inataka asetoni: piga tupa kwanza ule mng'aro wa juu, weka pamba iliyolowa, funga kila kidole kwa foili, kaa dakika 10 hadi 15. Ikilainika inajikunja yenyewe kama ganda, unaisukuma kwa kijiti cha mti. Ikigoma, funga tena. Mimi wakati fulani sikuwa na subira, nikaibandua kwa kucha za mkono wa pili, ikatoka na tabaka la juu la ukucha wa kidole gumba. Ukabaki mwembamba kama karatasi, maji ya moto tu yananiumiza. Kucha za mikono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo nilitembea na hilo kovu karibu nusu mwaka.

Ule unjano unaobaki chini ya rangi nyeusi na nyekundu hauondolewi na chupa yoyote kati ya hizi mbili. Nilijaribu kuongeza asetoni, nikajaribu limau likanichoma kwenye mchubuko, nikaacha. Ile si rangi iliyokaa juu, imeshapenya ndani ya ukucha. Hina nayo ni hivyo hivyo, imeshikana na ukucha wenyewe. Unasubiri uote uukate. Siku hizi sipaki rangi nzito bila kutanguliza tabaka la chini lisilo na rangi, na unjano umepungua sana.

Sasa ya nyumbani, maana chupa ya asetoni ikishaingia ndani haikai kwenye meza ya vipodozi tu. Rangi ilimwagika kwenye vigae vinavyong'aa: ikatoka yote, isipokuwa kwenye ile mistari ya saruji katikati ya vigae, ambayo imenywa rangi na mpaka leo ni ya waridi. Maka peni kwenye kioo: ilifutika kwa mkono mmoja. Vidole viwili vilivyogandishwa na supa gluu: viliachia, ila polepole, kwa kuloweka na kusokota kidogo kidogo, bila kuvuta kwa nguvu.

Kichwa kikavimba. Nikaona tone la rangi kavu kwenye meza ya mbao, nikapitisha pamba. Tone likatoka, na pamba ikarudi na rangi ya kahawia. Nikafurahi, nikasema kumbe hii meza ilikuwa chafu hivi! Nikaendelea kusafisha. Pamba ya tatu ilipoanza kunata ndipo nikaelewa kwamba "uchafu" niliokuwa nautoa ni vanishi. Imebaki duara kama sahani ndogo, haina mng'aro, ukiipapasa inakwaruza.

Rimoti ilipata yake siku hiyo hiyo, kwa kushikwa na vidole vilivyolowa. Plastiki ililainika na alama ya kidole changu iko pale pale, mistari yote inaonekana. Nilijiuliza mbona chupa yenyewe ni ya plastiki na haiyeyuki. Ni kwamba plastiki si moja: ya chupa ni ya aina inayostahimili asetoni, ya vifaa vingi vya umeme haistahimili. Na msidhani ile ya upole ingeniokoa, ethili asetati nayo inalainisha vanishi. Kwenye nguo jaribuni kwanza upindo wa ndani, na kama lebo ya nguo inasema kitambaa ni asetati, acheni kabisa, kitambaa kitatoboka.

Nilichokikosa kwenye lebo ya chupa, kwa sababu kimeandikwa kwa herufi za sisimizi, ni moto. Mvuke wa asetoni unashika moto hata kwenye baridi kali, na ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Nilikuwa natoa rangi jikoni karibu na jiko. Sasa nakaa dirishani. Wala usiichanganye na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, vikikutana vinatengeneza klorofomu.

Chupa ya upole naipa tatu kwa tano, ni ya rangi ya kawaida na ya siku ambazo ngozi imechoka. Asetoni naipa nne. Ile moja niliyoikata ni ya harufu, si ya meza.