Mota za njano za TT kwenye vumbi la Goma: uzoefu wangu

Alama: 3.5 kati ya 5. Ni zile mota za roboti ndogo, za volti 3 hadi 6 zenye gia za plastiki, uwiano 1:48. Sifa yake kubwa ni kwamba zinafunguka kirahisi: toa skrubu mbili ndefu na ule ukanda unaoshika mota, basi.

Vibati vya shaba vya kufungia waya ndivyo vinavyokatika mapema. Lehemu waya laini wa nyuzi nyingi, sekunde 2 au 3 tu. Joto likizidi, plastiki inalainika na brashi (vipande vinavyopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka) zinahama. Kisha bandika waya ubavuni kwa gundi ya moto ili ukivutwa using'oe kibati. Hapohapo weka kapasita ya kauri yenye namba 104 kati ya vibati viwili, la sivyo kelele za umeme wa brashi zitakuwa zinaizima Arduino yako (bodi inayoiongoza roboti) bila sababu ya kuonekana.

Lakini adui mwenyewe hapa kwetu ni vumbi la lava. Linakwaruza, na lina chembe zinazovutwa na sumaku, kwa hiyo likishapita kwenye matundu ya mota halitoki kwa kupuliza. Roboti ikianza kuvuta upande mmoja, chomoa mota kwenye gia uzungushe kila kimoja kwa vidole.

Gia ndizo nzito? Zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, zikauke, paka grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mchele kwa sanduku zima. Petroli usithubutu, inaweza kupasua plastiki.

Kama ni mota, pima kwa multimita huku ukizungusha shafti polepole. Omu chache ni sawa. Namba zikirukaruka, komuteta (sehemu ya shafti inayoguswa na brashi) ni chafu. Dondosha matone mawili ya alkoli ya famasia ya digrii 90, zungusha kwa mkono, na usiwashe mpaka ikauke kabisa: cheche za brashi zinawasha mvuke wake. Brashi zikiwa zimeliwa, usihangaike. Mota ya saizi 130 kutoka mwanasesere mbovu, shafti milimita 2, inaingia palepale. Hamisha ile gia ndogo tu.

Ikizunguka kinyonge ingawa ni safi, angalia draiva, yaani bodi inayopeleka umeme kwenye mota. Ile ya L298N inameza kama volti 2, kwa hiyo betri nne za AA hazifikishi 6 kwenye mota.

Na mota mbili za pakiti moja hazilingani kasi. Hilo rekebisha kwenye programu, usifungue kitu.