Apu ya kupunguza uzito wa watoto, naipa nyota 2

Nimemwekea mwanangu wa miaka 9 na kusema kweli imeniudhi. Inahesabu kalori tu, ikifika jioni mtoto anapewa rangi nyekundu utadhani kafeli mtihani, mpaka akaanza kula kwa kujificha. Haiulizi kama kuna sehemu salama ya kucheza, mzazi anatoka kazini saa ngapi, mtoto analala saa ngapi, matangazo ya soda anayokutana nayo kila akifungua katuni, na mambo yenyewe ndo hayo jamani! Mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye uzito uliozidi walikuwa zaidi ya milioni 390 duniani, sasa wote hao wavivu? Ile kengele ya kukumbusha dakika 60 za kucheza kila siku iko poa, hiyo naisifu.